Manowari iliyotundikwa sebuleni kwetu

Lau ungalitutembelea miaka mitatu iliyopita, msomaji, ungaliketi kitini na kabla chai haijaletwa macho yako yangalikwenda ukutani, mkabala wa dirisha kubwa. Hapo ndipo ilipokuwa picha ya manowari ya babu. Kila mgeni aliitazama. Wengine walidhani ni merikebu ya Vasco da Gama. Jirani mmoja, mtu wa mzaha, alipenda kuuliza kama tumeshalipia ushuru wa bandari.

Si picha kubwa. Haishindi ukurasa wa gazeti hili. Imechorwa kwa rangi za maji. Manowari imetia nanga, na ubavuni ina safu mbili za madirisha ya mizinga, moja juu ya nyingine. Milingoti mitatu imesimama bila matanga, na juu ya sitaha limetandazwa turubai jeupe la kukinga jua. Ukilitazama sana turubai hilo utagundua halikupakwa rangi yoyote: mchoraji aliliacha karatasi tupu. Kwa mbali kuna ukanda wa nyumba za mawe na minazi. Na mbingu yote, kutoka pembe hii hadi ile, ilikuwa ya rangi ya waridi iliyofifia, kama kwamba jua ndilo kwanza limezama.

Sote tulikua tukijua kuwa ni machweo. Binti yangu alipokuwa shule ya msingi aliandika insha juu ya machweo hayo akapata alama 34 kwa 40, na mwalimu akaisomea darasa. Kumbuka jambo hilo, maana nitalirudia.

Picha yenyewe tuliipataje? Babu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja huko Mombasa, upande wa Kizingo. Mwaka 1963, bendera ya Uingereza ilipokaribia kuteremshwa, yule bwana akafunga virago. Vitu vya thamani alivisafirisha kwa meli, vilivyobaki akavigawa. Dobi alipata kabati, mtunza bustani akapata baiskeli, na babu akapata sufuria mbili za shaba na picha ya manowari. Nyanya alizifurahia sufuria. Picha ilikaa nyuma ya mlango mpaka baba, aliyekuwa karani wa reli, alipoichukua akaja nayo Nairobi. Imekaa Makongeni, ikahamia Buruburu, na kote huko imetundikwa mahali penye mwanga mwingi, ili ionekane vizuri. Hilo nalo likumbuke.

Baba aliipenda picha ile lakini daima aliitolea kasoro moja. Akiwa na magazeti yake Jumapili jioni, aliinua macho na kusema, "Manowari nzuri, lakini mashua ziko wapi? Bibi angeuliza." Bibi huyo alikuwa nyanya yake, yaani mama aliyemzaa babu. Alifariki mwaka 1951, miaka 12 kabla picha haijaingia kwetu, kwa hiyo hakuiona. Sisi watoto tulilichukulia neno hilo kama mazoea ya wazee ya kunung'unika, tukaendelea kutazama runinga.

Baba naye akatutoka mwaka 2009. Picha ikawa yangu.

Sasa ngoja nikueleze jinsi nilivyokaribia kuiuza. Binti yangu yule wa insha ya machweo aliingia chuo kikuu kusomea ualimu, somo lake likiwa historia. Karo ilinibana. Ndipo rafiki akaniletea mnunuzi wa vitu vya kale, bwana mpole mwenye kioo cha kukuzia mfukoni. Aliisogelea picha, akaikodolea macho, akataja shilingi 80,000. Nilijitia kukohoa ili nisionyeshe uso wangu. Akaongeza kwamba bei ingeweza kupanda kama fremu ingefunguliwa na nyuma pakapatikana jina la meli au la mchoraji. Tukaagana hivyo.

Nilimpigia simu shangazi, dada yake baba, anayeishi bado Kisauni. Kwanza alinyamaza. Kisha akasema, "Usiache mbachao kwa msala upitao," akakata simu. Nadhani salio lake lilikuwa limekwisha, lakini mimi nilijiona nimegombezwa.

Niliipeleka picha kwa mtaalamu wa kuhifadhi karatasi za kale. Aliilaza kifudifudi mezani, akang'oa misumari midogo moja moja, akaondoa ubao wa nyuma uliokuwa umekaa kama biskuti ya kale. Nyuma ya karatasi palikuwa na maneno mawili ya penseli: "London, Zanzibar." Aliinua karatasi kuelekea kwenye taa, na ndani yake ikatokea chapa ya kiwanda cha Whatman, watengenezaji wa karatasi waliopendwa sana na wachoraji wa Uingereza, pamoja na mwaka: 1877. Jina la mchoraji halikuwapo.

Kisha akaondoa ile kadibodi iliyokatwa dirisha katikati, inayokaa kati ya picha na kioo. Msomaji, hapo nilisimama. Pembeni mwote mwa picha, pale ambapo kadibodi iliikinga na mwanga, palikuwa na ukanda wa mbingu wa upana wa kidole. Ukanda huo haukuwa wa rangi ya waridi. Ulikuwa wa buluu ya kijivu, buluu ya asubuhi ya Kusi, mawingu yakiwa yamejaa mvua.

Hayakuwa machweo kamwe. Mtaalamu alinieleza kwa upole, kama daktari anayempa mtu habari za mwili wake mwenyewe. Wachoraji wa zamani walipenda kupata kijivu cha mawingu kwa kuchanganya nili na rangi nyekundu itokanayo na udongo. Udongo haujali jua, lakini nili huliwa na mwanga kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka kinachobaki ni wekundu peke yake. Hata mbingu kadhaa za J. M. W. Turner, mchoraji mashuhuri wa Uingereza, zimegeuka hivyo. Jambo hili lilibishaniwa sana huko, hata serikali yao ikawaomba Walter Russell na William Abney walichunguze, na ripoti yao ikatoka mwaka 1888. Walithibitisha kuwa mwanga ndio mlaji. Kwa hiyo yale machweo tuliyojivunia yalitengenezwa na dirisha la Makongeni na dirisha la Buruburu. Binti yangu aliposikia alisema labda arudishe zile alama 34.

Lakini si mbingu iliyonitoa machozi. Chini ya picha kadibodi ilikuwa imefunika ukanda mpana zaidi, karibu vidole vitatu, kwa sababu karatasi hapo ilikuwa na madoa ya unyevu na aliyeitia fremu aliona haya kuyaonyesha. Katikati ya madoa hayo ilikuwapo mashua. Ndogo, ndefu, makasia yametoka nje, inaielekea manowari. Ndani yake kuna vijitone vya rangi, vingine vyeupe kwa nguo za mabaharia, vingine vya kahawia, vimebanana.

Nilitamani baba angekuwapo japo kwa dakika moja.

Ili unielewe, lazima nikueleze London ilikuwa manowari gani. Neno lenyewe, manowari, babu zetu wa pwani walilitoa vinywani mwa mabaharia wa Kiingereza, waliokuwa wakisema "man-of-war". HMS London ilishushwa majini huko Chatham mwaka 1840, merikebu ya matanga yenye mizinga 90. Ilipigana vita vya Crimea, ikashiriki kuishambulia Sevastopol mwaka 1854. Baadaye ikatiwa injini ya mvuke. Ilipozeeka haikustaafishwa, ililetwa Unguja mwaka 1874 kuwa kituo kinachoelea: bohari, karakana, hospitali na gereza kwa pamoja.

Kazi yake ilitokana na mkataba ambao Sultani Barghash alitia sahihi tarehe 5 Juni 1873, baada ya kushinikizwa sana na balozi wa Uingereza, John Kirk. Mkataba ulifunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Lakini biashara haikufa kwa wino. Mwaka uliotangulia, 1872, kimbunga kilikuwa kimeing'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba. Karafuu ikawa ni Pemba, na mashamba ya Pemba yakahitaji mikono. Majahazi yakawa yanavuka usiku kutoka bara.

Manowari kubwa kama London haiwezi kulifukuza jahazi kwenye miamba ya Pemba. Yenyewe ilikaa bandarini imetia nanga, na kazi ikafanywa na mashua zake. Mabaharia wachache, pamoja na mkalimani mwenyeji, walikaa nje kwa majuma, wakijificha kwenye vijisiwa, wakipika ufuoni, wakiungua jua na kutetemeka kwa homa. Wengi wao hawakurudi kwao. Baadhi wamezikwa kwenye kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe. Kapteni wa London mwenyewe, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba tarehe 3 Desemba 1881, alipolisogelea jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa ili kukagua hati zake. Bendera hiyo ilitumiwa na wengi kama hirizi, kwa kuwa Ufaransa haikukubali Waingereza wapekue vyombo vyake.

Sasa yule nyanya yake baba. Alikuwa Mnyasa. Alichukuliwa akiwa mtoto ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yamedondoka. Hakujua mwaka, hakujua jina la mji walikopakiwa. Aliyoyakumbuka ni haya, na baba aliyasikia kinywani mwake mara nyingi: giza, harufu ya samaki waliooza, magoti ya watu wengine. Kisha kelele, kisha mwanga. "Mtu alinishika mkono mmoja akaninyanyua kama anyanyuaye kapu, akaniweka mashuani." Walipofika kwenye meli alipewa wali, akaogopa kuula, kwa maana alikuwa ameambiwa Wazungu huwanonesha watu ili wawale. Alipoulizwa habari za ile meli, hakuwa na la kusema zaidi ya kwamba ilikuwa kama ukuta. Mashua ndiyo aliyoijua. Alijua hata mbao zake zilivyokuwa zikitoa maji.

Kutoka Unguja alipelekwa Mombasa, Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamisheni wa Kianglikana mwaka 1875 ng'ambo ya kisiwa, na kupewa jina la Sir Bartle Frere. Ukipita leo njia ya kwenda Nyali utauona mnara mdogo wa kengele ulioipa Kengeleni jina lake. Hapo ndipo alipobatizwa, akafunzwa kushona, akaolewa, akazaa. Nilipokuwa mdogo, wenzangu wa mtaani walikuwa na "kwao", kijiji cha kwenda Krismasi. Mimi kwetu palikuwa Kengeleni, na zaidi ya hapo palikuwa na mashua.

Siwezi kukuapia, msomaji, kwamba mashua iliyo katika picha ndiyo iliyombeba. London ilikuwa na mashua kadhaa, na ilikaa Unguja miaka kumi mpaka ilipouzwa mwaka 1884. Lakini ilikuwa mashua ya London, miaka ileile, na waliomo ndani wamebanana.

Yule mnunuzi aliporudi alifurahi mno kuona jina la meli. Akapandisha bei mpaka 120,000. Kisha akapitisha ukucha chini ya picha, juu kidogo ya mashua, akasema, "Hapa tutakata. Madoa haya yanaharibu. Wateja wangu wanataka meli tu." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akisema ukweli wa soko lake. Nilimjibu kuwa nitafikiri, ingawa nilikuwa nimekwisha kufikiri.

Usidhani nyumbani tuliafikiana. Binti yangu, mwanafunzi wa historia, alitaka iuzwe. "Unataka kutundika chombo cha mkoloni juu ya vichwa vyetu?" aliniuliza. Akanihesabia kwa vidole. Manowari za Uingereza ndizo zilizoleta jeshi lililoichoma Witu mwaka 1890. Manowari za Uingereza ndizo zilizopiga mizinga kasri la Unguja tarehe 27 Agosti 1896, vita visivyofika saa moja, vikaua mamia ya watu. Na hata hao wa mashua, alisema, walilipwa zawadi ya fedha kwa kila mtumwa waliyemkomboa, au kwa tani za jahazi walilolivunja. Ndiyo sababu majahazi ya watu wasio na hatia nayo yaliteketezwa. Akamalizia kwa lile lililonichoma: "Walimkomboa, sawa. Walimuuliza anataka kwenda wapi?"

Hawakumuuliza. Wengine walipelekwa Mbweni, wengine Ushelisheli, wengine Natal, kila mmoja mahali palipopatikana nafasi. Kurudi Nyasa, katikati ya njia zilezile za misafara, kusingewezekana. Na utumwa wenyewe ulibaki halali Unguja hadi mwaka 1897, na katika pwani yetu ya Kenya hadi 1907, huku bendera ya Uingereza ikipepea.

Nilimwambia binti yangu kuwa yote aliyosema ni kweli, na kwamba bado ule mkono ulimnyanyua. Alitaka kujibu, akanyamaza. Kusema kweli sijui kama nilimshinda au alichoka.

Aprili hiyo tulipokwenda Mombasa kumwona shangazi, nilimpitisha Fort Jesus, nikamwonyesha ile michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno katika karne ya 17, kwa makaa na udongo mwekundu: meli, samaki, watu waliovaa deraya. Askari waliokuwa wakingoja kuzingirwa, wachoraji wasio na majina, walichora chombo kilichowaleta na ambacho kingewarudisha. Binti yangu alisimama hapo kuliko nilivyotarajia. Naye mchoraji wetu huenda alikuwa afisa tu wa manowari. Wengi wao walifundishwa kuchora, kwa kuwa walitakiwa kuandika sura za pwani na bandari. Akiwa na kisanduku chake cha rangi angeweza kuchora meli peke yake, safi, kama walivyofanya wengine. Alichovya brashi tena akaitia na mashua.

Karo ilipatikana, nusu kwa mkopo wa chama changu, nusu kwa kuuza zile sufuria mbili za shaba. Nyanya anisamehe huko aliko. Zilikuwa na thamani kuliko nilivyodhani.

Kama nawe unayo picha ya rangi za maji nyumbani, iondoe mbele ya dirisha leo. Usiifute kwa kitambaa chenye maji, maana utaifuta yote. Usiipake gundi wala utepe wa kunata nyuma. Ukiipeleka itiwe fremu, agiza kadibodi isiyo na asidi, na umkataze fundi asikate kitu. Mbingu iliyokwisha kuliwa hairudi. Nilimuuliza mtaalamu mara mbili.

Yetu sasa iko ukumbini, karibu na mlango wa chumba cha kulala, mahali pasipofika jua. Fremu ni mpya na kadibodi yake imekatwa pana, kiasi kwamba upande wa kushoto unauona ule ukanda wa buluu kando ya waridi, na chini unaiona mashua pamoja na madoa yake yote. Wageni huniuliza kwa nini sikuyafuta. Shangazi alipokuja Desemba iliyopita aliomba kiti, akaketi mbele yake muda mrefu bila kusema neno, kisha akaomba maji.

Binti yangu, aliyetaka iuzwe, ndiye siku hizi huwaonyesha rafiki zake. Yeye amevihesabu vile vijitone akapata watu 12. Mimi hupata 11. Tunachobishania ni kile cha kahawia kilicho karibu na shetri, kidogo kuliko vyote. Yeye anasema ni mtoto. Mimi nasema huenda ni rangi tu iliyodondoka. Ukipita Buruburu, msomaji, ingia nawe uhesabu.